Neno na Wenzake: Kopasi katika Kumfundisha Mchina Kiingereza

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Kabla ya lolote, naandika sentensi moja ubaoni: "I want to learn more knowledge." Nani ameona kosa?

Naona mmekaa kimya. Sarufi haina dosari. Kiima kipo, kitenzi kipo, tahajia ni safi. Lakini Mwingereza hasemi hivyo. Yeye maarifa huyapata au huyachuma: "gain", "acquire". Mchina ndiye anayejifunza maarifa, maana kwao husemwa "xuexi zhishi", na "xuexi" amefundishwa kuwa ni "learn". Ametafsiri kwa uaminifu kabisa. Na nyie mmenyamaza kwa sababu ileile: kwa Kiswahili "kujifunza maarifa" hakumshtui mtu.

Mwalimu akikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, mwanafunzi atauliza kwa nini. Jibu tunalijua sote: "Ndivyo wasemavyo." Jibu la kweli, ila halina faida.

Hapo ndipo inapoingia kopasi, yaani ghala la matini halisi lililokusanywa kwa mpango na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. British National Corpus, iliyokamilika 1994, ina maneno milioni 100: magazeti, vitabu, barua, hata mazungumzo ya watu. Ukiandika "knowledge", programu inakupangia mistari chungu nzima, neno lako likiwa katikati ya kila mstari. Mwanafunzi anateremsha jicho upande wa kushoto na kuona neno linatembea na nani. Tim Johns wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyeieneza njia hii, alitaka mwanafunzi awe mtafiti wa lugha anayojifunza.

Wachina nao hawakuanza jana. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai kilikuwa na kopasi yake ya Kiingereza cha sayansi na teknolojia. Mwaka 2003 Gui Shichun na Yang Huizhong wakatoa nyingine, safari hii ya Kiingereza cha wanafunzi wenyewe, kuanzia wa sekondari hadi wanaosomea Kiingereza chuo kikuu. Ina maneno yapata milioni moja, na makosa yametiwa alama kwa aina zake. Ningelazimishwa kubaki na kopasi moja, ningeichukua hii.

Sababu ni kwamba inaonyesha hata yale yasiyo makosa. Chukueni "with the development of society". Kila neno liko mahali pake. Ila wanafunzi wa Kichina hufungulia nayo insha mno, wakifuata "suizhe shehui de fazhan" ya kwao, na "more and more" nayo haiko mbali. Kalamu nyekundu haina la kukata hapo. Mpaka uweke kopasi ya wanafunzi kando ya ile ya wenye lugha ndipo unaona kwamba huyu ametia chumvi kijiko, yule ametia bakuli.

Au "cause". Kamusi ndogo itakwambia ni kusababisha, basi. Mwanafunzi anaandika "cause great progress". Mistari ya kopasi inaonyesha kwamba neno hilo hupenda mabaya: "cause problems", "cause damage", "cause death". Nasi tunalo. Tunasababisha ajali, hasara, vifo. Bwana harusi aliyesababisha furaha ukumbini, mtamgeukia kumtazama ana nini.

Sasa msikimbilie kuwafungulia wanafunzi kompyuta. Mistari arobaini iliyokatwa huku na huku, imejaa maneno mageni, humkatisha tamaa kijana ambaye mawazo yake yote yako kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mimi huchagua mistari kumi na miwili, nachapa kwenye karatasi. Wapo wanaoniambia kuchagua ni kuchakachua data. Waende wakafundishe darasa la watu hamsini, kisha tuzungumze.

Tena kopasi ya Waingereza haitamwambia mwanafunzi kwamba aliyemponza ni "xuexi". Hilo linamtaka mwalimu anayejua Kichina, walau kidogo.

Na kuna kosa lisilokubali mistari kabisa. Mchina akizungumza humwita mama yake "he". Katika matamshi ya Kichina "ta" ni mwanamume na "ta" ni mwanamke. Wanatofautiana kwenye maandishi tu. Sisi tuna "yeye", kwa hiyo tusicheke. Kanuni kijana anaijua, ukimuuliza ataitaja bila kukosea. Ulimi ndio unaomwacha njiani, na dawa yake ni kuzungumza kila siku.

Haya, pitisheni karatasi mpaka nyuma. Ni mistari kumi na miwili ya "knowledge". Funikeni upande wa kulia kwa kiganja, mtazame kushoto tu, kisha mniambie mmekutana na nani.