Mvue Shati, Kisha Hesabu

Ahsanteni. Wakubwa shikamooni. Mwenyekiti kanipa dakika 15, ila nyie wauza dawa wa Mbagala mnanijua.

Leo nimekuja na saa tu. Nimonia ya mtoto, kichomi cha bibi zetu, huijui kwa kusikiliza kikohozi. Inaonekana mbavuni, na mbavu ziko chini ya masweta matatu, Dar hii, mwezi wa pili!

Siku moja nasubiri chenji kwenye duka la dawa, akaingia mama na mtoto wa miezi 8, kofia ya sufi hadi machoni. "Kaka, nipe dawa ya kifua." Mkono wa muuzaji ukawa umeshafika kwenye chupa. Nikasema dada, hebu kaa, mvue shati. Mtoto katulia tu, hata hakulia. Utulivu ule ndio ulionitisha. Nikatazama tumbo likipanda na kushuka, dakika nzima: 64. Na kila akivuta pumzi, chini ya kifua panabonyea ndani. Ziwa kalikataa tangu alfajiri. Na juzi yake walikuwa wamempeleka kukatwa kimeo. Kimeo! Mapafu yanajaa usaha, mtu anakata koo! Bajaji, hospitali, oksijeni, sindano za ampisilini na jentamaisini. Alipona, lakini si kwa ile chupa.

Mtasema dukani kuna foleni. Dakika moja, jamani! Simu mnaitazama usiku kucha. Na msihesabu sekunde 15 mkazidisha kwa 4; mtoto hapumui kwa mpangilio. Akilia, subiri anyamaze. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40. "Lakini daktari, kipimo kimeonyesha malaria." Sawa, na nimonia je? Vyote viwili hukaa kwenye kifua na damu ya mtoto mmoja.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole. Haya: amoksilini ya kuyeyusha, aliyoandika mtabibu, siku 5, msiuze nusu dozi. Degedege, anatapika kila kitu, hanyonyi, haamshiki: msiuze chochote, mwahisheni hospitali. Chanjo ya nimokoko, kijidudu kinacholeta nimonia, ipo tangu 2013, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Moshi wa mkaa tutauongea siku nyingine.

Dada wa nyuma pale, mwenye mtoto anayekohoa. Njoo naye mbele. Wote toeni simu zenu.