Picha Yako, Jina la Mwingine

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Tupo Dar es Salaam, na leo mimi na kaka Dotto, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi na za habari, tunazungumzia picha inayotumiwa bila ruhusa na ile inayochapishwa kwa jina la mtu mwingine. Kaka Dotto, lipi linakuudhi zaidi?

DOTTO: La pili, dada Zuhura. Picha isiyo na jina bado humfanya msomaji aulize mwenye picha ni nani, lakini iliyopewa jina la mwingine imekwisha kupata mwenyewe, na kila anayeinakili baadaye huamini kwamba ametimiza wajibu wake kwa kulirudia jina hilo.

ZUHURA: Na ile “Picha kwa hisani ya mtandao”?

DOTTO: Hisani gani hiyo? Mtandao haujawahi kushika kamera! Lakini sikiliza yaliyompata Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi, aliweka picha zake mtandaoni; mtu mwingine akazinakili katika akaunti yake, na shirika la habari la AFP likazichukua huko na kuzisambaza, pia kupitia Getty Images, kampuni inayouza picha, zikiwa na jina la huyo aliyenakili. Jina liliposahihishwa, nakala zenye jina la awali ziliendelea kuwepo. Mwaka 2013 mahakama jijini New York ilimpa Morel fidia ya zaidi ya dola milioni 1.2.

ZUHURA: Hayo ni ya New York. Kijana aliyepiga picha katika soko la samaki la Feri, kisha akaikuta kwenye bango la mgahawa, aanzie wapi?

DOTTO: Aanze kwa kunyamaza. Akilalamika hadharani kwanza, ukurasa utafutwa kabla hajahifadhi ushahidi. Apige picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe na jina lililoandikwa, na bango alipige picha pamoja na mahali lilipo. Kisha atafute faili la asili, lenye ukubwa kamili na kumbukumbu za saa na za kamera, pamoja na picha alizopiga muda mfupi kabla na baada ya hiyo, kwa sababu aliyenakili huwa na picha moja tu, mara nyingi iliyokatwa kingo, na hawezi kuonyesha iliyoitangulia. Nakala iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida haimfai, kwa kuwa hupunguzwa ukubwa na kupoteza kumbukumbu hizo.

ZUHURA: Wapo wanaosema kwamba usiposajili kazi yako COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, huna haki yoyote.

DOTTO: Si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapoundwa. Usajili husaidia kuthibitisha umiliki. Kwa upande wa Zanzibar ipo COSOZA. Aidha, Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo unaitenga haki ya mtunzi kutambuliwa na haki zake za kiuchumi, hata kama ameziuza.

ZUHURA: Kwa hiyo mteja akisema, “Nilikulipa, jina lako la nini?”

DOTTO: Hilo si jibu, ingawa mimi hupendelea mkataba useme waziwazi jina litaandikwaje na wapi, maana kubishana baada ya kuchapishwa kunachosha.

ZUHURA: Barua ya madai iseme nini?

DOTTO: Aamue kwanza anataka nini: jina lirekebishwe, picha iondolewe, au alipwe kwa matumizi yaliyokwisha kufanyika. Anayetaka malipo aambatanishe ankara, na anayetaka marekebisho adai pia kwamba waliopelekewa picha wajulishwe, kwa kuwa ndiko Morel alikoumia. Kwa Instagram au Facebook, ipo fomu ya madai ya hakimiliki; lakini madai yanayotumwa kwa kufuata sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni huambatana na tamko linaloweza kukushtakisha ukidanganya, kwa hiyo kama picha ilipigwa na msaidizi wako, mkubaliane kwanza ni nani mwenye haki ya kudai.

ZUHURA: Na ikiwa wahusika hawajibu barua?

DOTTO: Apeleke nakala ya barua na ushahidi wake COSOTA, kisha amwone wakili kabla ya kutaja kiasi chochote cha fidia.