Jiko la Umeme Lipewe Laini Yake

Asanteni. Naona mama zangu mmekaa mbele na wazee mmejipanga karibu na mlango, kama kwenye mikutano yote. Nimekuja na plagi moja tu. Shika mama, igeuze, kisha wapitishie wenzako. Pini ya waya wa moto imekuwa kahawia, na plastiki pembeni yake imevimba kama andazi. Niliitoa kwenye jiko la mama mkwe wangu, na aliyeifunga ni mimi mwenyewe.

Jiko lenyewe mnalijua: pleti tatu za gesi, moja ya umeme, chini oveni ya umeme. La kwake pleti inakula wati 1500, oveni 2000. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya 3500 kwa 230, unapata ampea 15 na ushee, na plagi ya pini tatu ni ya ampea 13. Akichemsha chai tu, salama. Siku ya Idi, keki ndani, pilau juu, saa mbili mfululizo, ndipo plagi inapoanza kunuka.

Mtu atasema, si ina fyuzi? Ina. Lakini fyuzi ya 13 haikatiki kwa ampea 15. Itavumilia kutwa nzima. Shoti itaikata, ila joto hili la polepole inaliacha lipite. Na breka ya soketi, kama ni ya 20 au 32, haioni kosa lolote.

Kwa hiyo jiko lipewe laini yake kutoka meni swichi, isiyopitia soketi ya friji. Kwa jiko zima la umeme, la wati kama 7000, kawaida navuta waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na ukutani ile swichi kubwa ya jiko, ya ampea 45. Ikae pembeni. Nimeshaikuta juu ya jiko kabisa. Mafuta yakishika moto, mkono utaupitisha wapi?

Sasa geuza jiko, fungua kifuniko cha nyuma. Hapo meni swichi umeshaizima na tesita imethibitisha. Utakuta skrubu kadhaa na vipande vidogo vya shaba. Majiko mengi ya Ulaya yanakubali pia fezi tatu, ndiyo maana unaona L1, L2, L3, yaani sehemu tatu za waya wa moto. Kwenye nyumba ya fezi moja, vile vipande ndivyo vinavyoziunganisha ziwe kitu kimoja. Kimoja kikisahaulika, pleti mbili zinawaka, oveni kimya, na mteja analirudisha jiko dukani akifoka. Kikiunganisha L na nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, breka inaruka papo hapo. Mchoro umebandikwa palepale. Usomeni. Kisha kaza skrubu kwelikweli, maana waya uliolegea unachemka hata kama unene wake ni sahihi.

Na ethi, wa kijani na njano, asiukate mtu. Jiko ni chuma, sakafu ina maji, mpishi yuko peku. Mlango wa oveni ukikutekenya, usiuzoee. Zima, ita fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mama mkwe sasa ana laini yake. Ameanza kulalamikia LUKU, na hapo waya hausaidii.

Plagi yangu imefika wapi? Irudi kabla ya maswali, mwenyewe hajui kwamba natembea nayo.