Kuku Ameingia, Shosho Amebaki Nje

[Muziki wa kufungua]

MAMA ZAWADI: Karibuni tena, wazazi wenzetu. Ni mimi Mama Zawadi, na mwenzangu ni yule yule, ila leo amekuja amenuna.

BABA KENDI: Sijanuna. Nimekasirika.

MAMA ZAWADI: Haya, amekasirika. Leo tulipanga kuongea kuhusu kuandikisha mtoto gredi ya kwanza. Huu ni muhula wa tatu, shule zinapokea majina ya Januari, na nimekuja na maswali matano ya kumwuliza mwalimu mkuu kabla hujatoa hata shilingi. Yako hapa kwenye daftari, nimeyapanga vizuri kabisa. Lakini Baba Kendi kaniambia pale mlangoni kwamba hatuanzi na hayo.

BABA KENDI: Hatuanzi. Mnamjua mama yangu. Kila anayetusikiliza anamjua, ndiye huyo hunipigia simu tukiwa katikati ya kurekodi. Jumanne alitoka Meru alfajiri, akashuka kwenye stendi ya Tea Room, akatafuta matatu ya mtaani kwetu bila kusaidiwa na mtu. Mama Kendi alikuwa zamu hospitalini. Mimi nilikuwa nimekwama Mombasa Road, magari hayasongi. Nikampigia, nikamwambia mama, pitia shuleni umchukue Kendi mwende nyumbani.

MAMA ZAWADI: Na shule ukaiambia?

BABA KENDI: Ngoja, nafika huko. Simu yangu ikazima hapo hapo. Sasa mama akafika getini na kikapu chake na kuku.

MAMA ZAWADI: Kuku mzima?

BABA KENDI: Mzima. Jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Shosho, bibi yake Kendi, hawezi kuja Nairobi mikono mitupu. Askari akafungua kitabu cha wageni. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa aliyofika. Safu ya mwisho ni ya vitu alivyobeba mgeni. Akaandika: kikapu kimoja, kuku mmoja. Halafu akatoa orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua Kendi. Jina la mama halipo. Akamwambia, shosho, subiri hapo nje.

MAMA ZAWADI: Na kuku?

BABA KENDI: Kuku akaingia!

MAMA ZAWADI: [anacheka] Aliingia wapi?

BABA KENDI: Ndani ya geti. Askari alisema jua ni kali, kuku atakufa. Akamfunga chini ya ule mti wa jakaranda, akampa maji kwenye kifuniko cha ndoo. Mama yangu akaketi kwenye jiwe, kando ya mama anayeuza karanga, mpaka Mama Kendi alipotoka wodini akaona simu za shule. Kuku amepewa maji, Mama Zawadi. Mama yangu hakupewa hata kiti.

MAMA ZAWADI: Pole sana. Mwambie shosho pole kutoka kwangu. Hilo la kiti ni kosa, wala sitalitetea. Mzee hakalishwi kwenye jiwe. Lakini hilo la orodha, huyo askari alifanya kazi yake na anastahili asante.

BABA KENDI: Asante?

MAMA ZAWADI: Asante. Tena mbele ya wazazi wote.

BABA KENDI: Nilijua utasema hivyo. Nikiwa njiani nilijiambia, huyu atamshangilia askari.

MAMA ZAWADI: Ngoja tuingie kwenye mada, tutarudi hapo. Swali la kwanza kwenye daftari langu. Uliza kama mtoto atapewa mtihani wa kumpokea. Hapa wazazi wanadanganywa sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza shule ya umma kumpima mtoto kwa mtihani ili imkubali au imkatae. Mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kujua aingie darasa gani. Kwa hivyo mtoto wa miaka sita akikalishwa mbele ya walimu watatu, aambiwe asome ukurasa mzima, halafu mama aambiwe nafasi zimejaa kwa sababu mtoto ni mzito wa kuelewa, huyo mama ana haki ya kuuliza.

BABA KENDI: Ona sasa. Mtoto wangu walimpa huo mtihani wa kusoma alipoingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ana miaka minne. Lakini swali moja tu la kusema huyu aliyeko getini ni nani, hawakumwuliza.

MAMA ZAWADI: Umerudi getini.

BABA KENDI: Sijawahi kutoka. Sikiliza. Kendi alimwona shosho wake kupitia vyuma vya geti. Akaita shosho! Akakimbia. Mwalimu wa zamu akamshika mkono akamrudisha kwenye benchi, mtoto analia. Mtoto mwenyewe ameshasema huyu ni nani. Unataka ushahidi gani mwingine?

MAMA ZAWADI: Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana. Mtoto kumjua mtu si ushahidi kwamba yuko salama naye. Niko kwenye chama cha wazazi shuleni kwa Zawadi, kesi tunazozisikia si za mtu mgeni mwenye peremende. Ni jirani, ni binamu, ni yule anayemletea zawadi kila Jumapili. Mtoto angemkimbilia huyo pia, akiita jina lake kwa furaha.

BABA KENDI: Unamlinganisha mama yangu na hao?

MAMA ZAWADI: Hapana. Nasema askari hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama usoni, na hatutaki ajaribu. Tukimwambia apime mtu kwa sura, atamruhusu kila mwenye mvi na atamzuia kijana mwenye nywele ndefu. Orodha haina macho, na ndiyo sababu naitaka.

BABA KENDI: Basi macho yake yalimwona kuku.

MAMA ZAWADI: [anacheka] Kuku hana mtoto wa kuchukua!

BABA KENDI: Kuku aliandikishwa, akapokelewa, akapewa sehemu ya kukaa na maji. Huyo ndiye mwanafunzi wa kwanza mwaka huu kupokelewa bila cheti cha kuzaliwa.

MAMA ZAWADI: Usinichekeshe, cheti cha kuzaliwa ni swali langu la pili. Wazazi, hili nalitaja haraka. Shule itakuomba namba ya cheti kwa sababu mtoto anaingizwa kwenye mfumo wa wizara kwa namba hiyo. Kumwandikisha mtoto kuzaliwa ndani ya miezi sita ni rahisi, baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, nyaraka zinaongezeka. Msingoje Desemba. Na mtoto ambaye hana cheti bado ana haki ya elimu, kifungu cha 53 cha Katiba hakikusema mtoto mwenye cheti, kimesema kila mtoto. Elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima.

BABA KENDI: Ya bure ni neno tu. Tangu 2003, Rais Kibaki alipofungua milango, watoto waliingia kwa wingi mpaka wengine wakasomea chini ya miti. Pesa za serikali kwa mtoto wa msingi ni 1,420 kwa mwaka. Gawanya hiyo kwa siku za shule uone. Ndiyo maana ukienda unapewa orodha ya rimu ya karatasi, karatasi za choo, fagio, sabuni.

MAMA ZAWADI: Hiyo ilikuwa swali la nne. Umenipokonya.

BABA KENDI: Samahani.

MAMA ZAWADI: Ichukue. Ila mjue mtoto wa shule ya umma hafukuzwi kwa sababu mzazi hajaleta hizo pesa nyingine, na shule ikipokea shilingi yoyote itoe risiti. Ukiambiwa tuma M-Pesa kwa namba ya mwalimu, kataa.

BABA KENDI: Kuna ujumbe hapa WhatsApp. Tuliuliza jana usiku nani humchukua mtoto wenu shuleni. Mama mmoja wa Kariobangi anasema wake hubebwa na bodaboda yule yule tangu PP1, na shule haijawahi kumwuliza jina.

MAMA ZAWADI: Umeona? Huyo naye atanikosesha usingizi.

BABA KENDI: Na mwingine anauliza kuku alifika nyumbani salama.

MAMA ZAWADI: [anacheka] Jibu.

BABA KENDI: Hajafika. Mama alipoondoka amemshika Kendi, askari alikuwa ameshabadilisha zamu, na huyu wa jioni anasema kuku hawezi kutoka mpaka aliyemwandika aje atie sahihi.

MAMA ZAWADI: Hapana, unatunga.

BABA KENDI: Situngi. Kwa kitabu, kuku ni wa mgeni, na mgeni hakuingia. Kwa hivyo kuku hana mwenyewe. Alilala shuleni Jumanne. Jumatano asubuhi nilimkuta darasa zima la PP2 limemzunguka, wamempa jina. Wanamwita Mwalimu.

MAMA ZAWADI: Mwalimu! Na sasa?

BABA KENDI: Bado yuko. Nilipotaka kumfungua watoto wakalia. Mama amepiga simu mara ngapi kuuliza kama nimemchinja.

MAMA ZAWADI: Fundi wa sauti anafuta machozi pale. Haya, turudi. Baba Kendi, nikuulize bila mzaha. Ile fomu ya wanaomchukua mtoto uliijaza?

BABA KENDI: Niliijaza. Ina nafasi mbili, baba na mama. Shule iliamua familia ni watu wawili. Nyumbani kwetu anayelea mtoto ni shosho, ni tata, yaani shangazi, ni dada wa nyumba aliyekaa naye miaka mitatu. Fomu haiwajui. Halafu inaitwa ulinzi wa mtoto. Mimi naona ni ulinzi wa shule, isije ikalaumiwa.

MAMA ZAWADI: Fomu ni mbaya, hapo niko na wewe. Iwe na nafasi nne, na picha, na namba za vitambulisho. Lakini siku ambayo fomu ni mbaya na simu yako imezima, mtoto abaki ndani. Alie, abaki ndani.

BABA KENDI: Na uoga anaojifunza? Mtoto ameona shosho yake anazuiwa kama mwizi. Jana ameniuliza, baba, shosho alifanya nini? Nimjibu nini?

MAMA ZAWADI: Mwambie hakufanya kitu, shule ilikuwa inangoja wewe au mama useme ndiyo.

BABA KENDI: Nimemwambia. Akaniuliza kwa nini shosho asiseme ndiyo mwenyewe.

[kimya kifupi]

MAMA ZAWADI: Hilo ni gumu.

BABA KENDI: Ni gumu kwa sababu sheria yenyewe imekosea. Pale shuleni kwa Zawadi watoto wana bangili za Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula shuleni. Anagusisha, shilingi tano zinakatwa, anapewa chakula. Mashine inajua huyu amekula na huyu hajala. Kaunti imeweza hilo kwa maelfu ya watoto, halafu geti moja linashindwa kumjua bibi mmoja?

MAMA ZAWADI: Bangili inajua mtoto. Haijui mtu mzima aliyemshika mkono. Ukikosea chakula, mtoto amekula mara mbili. Ukikosea getini, mtoto haonekani tena. Nimekaa na mama ambaye mtoto wake alichukuliwa na mtu wa ukoo, mwalimu akasema nilidhani ni sawa, mtoto alimjua. Sitasimulia zaidi, si hadithi yangu. Lakini tangu siku hiyo hakuna utakachoniambia kikanibadilisha.

BABA KENDI: Nakusikia. Na bado sikubali. Wewe unaandika sheria kwa ajili ya mtu mmoja mbaya, na gharama inalipwa na mashosho wote wa Nairobi. Anayejua kuiba mtoto atajua kuiba namba ya kitambulisho pia.

MAMA ZAWADI: Basi tusiweke mlango nyumbani, maana mwizi anajua kuvunja kufuli?

BABA KENDI: Sikusema hivyo.

MAMA ZAWADI: Ndiyo maana yake.

BABA KENDI: Siyo. Nimesema askari awe na njia. Apige simu kwa mtu wa tatu. Amwite mwalimu wa darasa, huyo amemwona mama yangu siku ya wazazi, wamesalimiana. Amlete mama ndani, akae na mtoto chini ya huo mti, mbele ya macho ya kila mtu, wasubiri pamoja. Nafasi ya kuku ilikuwapo!

MAMA ZAWADI: Kukaa naye ndani, mwalimu akiwa karibu... hilo ningelifikiria. Kumtoa nje ya geti, hapana.

BABA KENDI: Mimi nasema mwalimu wa darasa akimjua, atoke naye.

MAMA ZAWADI: Hapana.

BABA KENDI: Ndiyo.

MAMA ZAWADI: Fundi anatuonyesha dakika mbili. Baba Kendi, maswali yangu!

BABA KENDI: Soma la tatu.

MAMA ZAWADI: La tatu ndilo hilo la geti, limeisha lenyewe. La tano ndilo nililolitaka zaidi, na sasa litapita mbio. Muulize mwalimu mkuu, mtoto akiumizwa na mtu mzima hapa shuleni, anamwambia nani, na huyo anafanya nini siku hiyo hiyo. Akianza kujikuna kichwa, ondoka. Kiboko kimekatazwa shuleni tangu 2001, na sheria ya 2013 inampa anayempiga mtoto faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Ukiambiwa shule yetu huwa tunachapa kidogo tu...

BABA KENDI: Hakuna kidogo.

MAMA ZAWADI: Hakuna. Na namba ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana. Mfundisheni mtoto hiyo namba kabla ya kumfundisha ya kwenu. Nilikuwa na mengine, kuhusu hati ya tabia njema kwa madereva wa basi la shule, na vyoo...

BABA KENDI: Wiki ijayo.

MAMA ZAWADI: Wiki ijayo utakuja na kuku.

BABA KENDI: Wiki ijayo nitakuja na shosho, aseme mwenyewe.

MAMA ZAWADI: Alete. Nitamwekea kiti, na nitamwambia vile vile nilivyokwambia wewe.

BABA KENDI: Hutaweza. Mama ana...

[Muziki wa kufunga]