Jinsia ya Mhusika Mkuu: Nani Anaiona Ndani ya Mchezo?

Ndugu wasikilizaji, mwulizeni mchezaji mzoefu wa gemu kama jinsia ya mhusika mkuu ina maana yoyote. Mara nyingi atajibu papo hapo: haina. Kuruka ni kuruka, risasi ni risasi. Hadi hapo nakubaliana naye, maana vidole kwenye vitufe havijali anayekimbia ni mwanamke kama Lara Croft au mwanamume kama Mario.

Lakini mhusika ana watu wanaomzunguka: wanaomsalimu, wanaomdharau, wanaomwogopa. Mimi nauliza, hao wanamwonaje?

Chukueni gemu ya Metroid ya mwaka 1986. Mhusika mkuu, Samus, amefunikwa na deraya mchezo mzima, na kijitabu cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Ukimaliza mapema, anavua kofia: kumbe mwanamke! Ufunuo huo unasifiwa hadi leo, na unastahili. Ila utaratibu wake unanikera kidogo, kwani kadiri unavyomaliza upesi ndivyo anavyobaki na nguo chache. Maadui aliopigana nao hawakujua lolote. Aliyefunuliwa siri ni mchezaji, tena kama tuzo.

Katika Assassin's Creed Odyssey ya 2018 unachagua Kassandra au nduguye wa kiume, Alexios. Maneno yao karibu ni yaleyale. Ugiriki ya kale haikuwaruhusu wanawake kushindana Olimpiki, lakini Kassandra anaingia ulingoni. Sioni ubaya, mwanamke naye ana haki ya njozi isiyomkumbusha vizuizi kila hatua. Tukubali tu kwamba hapo jinsia imebaki kuwa umbo na sauti.

Sasa linganisheni na Aloy wa Horizon Zero Dawn, 2017. Kabila la Nora linaongozwa na wanawake wazee na linatukuza umama kupita kiasi. Aloy hana mama anayejulikana, kwa hiyo anatengwa tangu uchanga. Kiu ya kumjua mama ndiyo inayosukuma kisa chote. Mgeuze awe mvulana, na itabidi uandike upya hata jinsi milango ya kale inavyofunguka. Waliocheza wananielewa, wengine sitawaharibia.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya waandishi tu. Lakini mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft, watengenezaji wa Assassin's Creed, ilipoulizwa kwa nini Assassin's Creed Unity haikuwa na mhusika wa kike wa kuchezwa na wachezaji wanaoshirikiana, sababu iliyotolewa ilikuwa wingi wa kazi ya uhuishaji, yaani kuwapa wahusika miendo. Mhuishaji aliyewahi kufanya kazi kwenye mfululizo huo akajibu hadharani kwamba ni kazi ya siku moja au mbili.

Kisha ikaja Rust, gemu ya kuchezwa na wengi mtandaoni. Mwaka 2016 watengenezaji wake walianza kumpangia kila mchezaji jinsia bila kumwuliza, ikifungwa kwenye akaunti yake moja kwa moja. Hakuna kilichobadilika katika uwezo: kukimbia, kujenga na kupora vilikuwa vilevile kwa wote. Hata hivyo, baadhi ya wanaume waliojikuta ndani ya miili ya kike walilalamika, wakataka wapewe chaguo. Wanawake wengi walikuwa wamecheza kama wanaume kwa miaka, bila mtu kuwauliza wanajisikiaje.