Kuku, Mvua na Namba 27

OTIENO: Mko nasi tena hapa Kisumu, joto ni lile lile na feni ni ile ile. Leo tumepanga mambo matatu: kupima ugumu wa msimbo wa programu za kompyuta, kuupunguza, na wapi pa kuanzia. Lakini Nekesa ameingia na uso wa mtu aliyenyimwa chenji.

NEKESA: Jumatano nililetewa msimbo niupitie. Programu ya nauli za matatu. Kulikuwa na funksheni moja, kipande cha msimbo chenye jina lake, ambayo Radon, chombo cha kupima ugumu wa msimbo wa Python, iliipa 27, daraja D. Safari hii imerudi ikiwa nne: ile ya zamani, halafu nauli_a, nauli_b, nauli_c. Hakuna inayozidi kikomo chetu cha 10. Naambiwa nipitishe.

OTIENO: Na hukupitisha.

NEKESA: Ningepitishaje? Hesabu ya McCabe, ile ya 1976 ambayo Radon inaitumia, ni rahisi: hesabu njia panda, pale msimbo unapochagua njia, ongeza moja. 27 maana yake njia panda 26. Ukizigawa bila kufuta hata moja, kila funksheni inakuja na moja yake. 26 jumlisha 4 ni 30. Jumla imepanda, lakini wastani ni 7.5, kwa hivyo ripoti inapendeza.

OTIENO: Ngoja, waonyeshe njia panda zenyewe. Hiyo programu inauliza nini kwanza?

NEKESA: Kama abiria ana mzigo. Ndani yake, kama mzigo ni kuku.

OTIENO: Kuku! Hiyo ni laini ya Kakamega bila kuuliza.

NEKESA: Nilijua utafika huko. Ndani ya kuku, kama kunanyesha, ongeza shilingi 50.

OTIENO: Hapo makanga ana haki. Umewahi kukaa karibu na kuku aliyelowa?

NEKESA: Otieno, hesabu. If tatu, yaani 'kama' tatu, moja ndani ya nyingine. McCabe anasema 4. Kipimo cha kampuni ya SonarSource, kile cha ugumu wa kufahamu, kinatoza kina pia: ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3. Jumla 6.

OTIENO: Na ukitoka mapema?

NEKESA: Ndiyo dawa. Hana mzigo, rudisha nauli. Mzigo si kuku, rudisha nauli. Mvua hakuna, rudisha nauli. Mstari wa mwisho, nauli jumlisha 50. McCabe hatikisiki, bado 4. Kile kingine kimeshuka hadi 3, kwa sababu hakuna kilicho ndani ya kingine. Msomaji habebi maswali matatu kichwani kwa pamoja.

OTIENO: Mimi ningeunganisha kwa and. Mzigo and kuku and mvua, mstari mmoja.

NEKESA: Sawa, ila angalia chombo chako. Radon inahesabu kila and, kwa hivyo bado 4. Ruff, chombo kingine cha kukagua Python, kwa kanuni yake ya ugumu, C901, haihesabu and, itakupa 2. Msimbo ule ule! Watu wanagombana ofisini juu ya namba kumbe hawatumii mizani moja.

OTIENO: Na kuku aliyechinjwa?

NEKESA: Nini?

OTIENO: Yuko kwenye mfuko, amenyonyolewa. Ni kuku au ni mzigo?

NEKESA: ...Hilo swali lina maana, na linaniudhi. Ukiandika kuku and hai, umeongeza njia panda nyingine, na jaribio lake. Usisahau namba ya McCabe ni idadi ya njia huru. Nne zinakuwa tano, andaa majaribio matano kabla hujagusa chochote.

OTIENO: Na kuku wawili miguu imefungwa pamoja?

NEKESA: Tuhamie kwenye steji, tafadhali. Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Kakamega. If na elif zake ('la sivyo, kama') ni tano, McCabe 6. Weka bei kwenye kamusi ya Python, orodha ya jina la steji na bei yake, usome kwa ufunguo, yaani jina: inabaki 1. Hapo ugumu umepungua kweli, hukuuficha.

OTIENO: Umeuhamishia kwenye data. Mtu akiandika kiboswa kwa herufi ndogo, programu inaanguka kwa KeyError, kosa la ufunguo usiokuwepo.

NEKESA: Heri ianguke. Ubaya ni yule anayeweka .get, inayosoma kamusi bila kuanguka, na sifuri kama bei ya akiba. Abiria anasafiri bure na hakuna anayejua. Andika jaribio moja linalopita steji zote na kuhakikisha kila moja ina bei.

OTIENO: Haya. Lakini turudi kwa yule wa nauli_a. Mimi ningempitisha.

NEKESA: Hapana.

OTIENO: Sikiza, dada. Funksheni ya 8 naijaribu peke yake kwa majaribio manane. Ya 27 hakuna atakayeijaribu yote. Kikomo kimemlazimisha kuanza.

NEKESA: nauli_b inapokea vigezo tisa. Kimoja ni ni_kuku, inakibeba tu ili iipe nauli_c. Kusoma c lazima urudi a. Na jaribio lake linataka uandae vitu tisa.

OTIENO: Hayo ni majina. Badilisha majina.

NEKESA: Nilijaribu! Kipande kisichofanya kazi moja hakipatiwi jina. McCabe mwenyewe alisema 10 ni kiasi cha busara, si namba ya miujiza.

OTIENO: Na bila kikomo utaletewa 40.

NEKESA: Niletewe 40 iliyo wazi, nitaikata mwenyewe panapokatika.

OTIENO: Lini? Hiyo siku haiji.

NEKESA: Simpitishi.

OTIENO: Mimi ningempitisha. Na tumebakisha dakika moja, tulikuwa hatujafika kwa kusoma historia ya Git, kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, faili gani zinaguswa kila wiki...

NEKESA: Wiki ijayo.

OTIENO: Ulisema hivyo kwa vipimo vya msimbo vya Halstead pia. Basi yule aliyechinjwa?

NEKESA: Mzigo.

OTIENO: Hata akiwa na kichwa?

NEKESA: Zima maikrofoni, omera.