Tawi la Chini Usilikate Kwanza

ACHIENG': Hamjambo wasikilizaji wetu. Leo mezani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, pamekaa bonsai ya Barasa, yaani mti unaokuzwa mdogo chunguni ufanane na mti mkubwa. Ni fikasi, ile ile ambayo watu wengi hapa Kisumu wameipanda ikawa ua wa nyumba. Kimo chake ni kama sentimita 40, na shina halijazidi kidole gumba. Na mwenyewe amekuja na makasi.

BARASA: Tangu asubuhi ninayo mfukoni, dada. Miaka miwili sijaugusa huu mti. Jana usiku nimeyahesabu matawi, yako 14. Nilitaka niusafishe kwa kuanza na haya mawili ya chini, yaliyolala ovyo karibu na udongo.

ACHIENG': Weka makasi mezani kwanza. Nani amekwambia uanzie chini?

BARASA: Hakuna, ni mazoea tu. Kwetu Bungoma, mgrevilea ukishapanda kidogo, mzee hupunguza matawi ya chini. Kuni zinapatikana, mahindi yaliyo kando yanapata jua, na mti unanyooka. Siku moja unapasuliwa mbao.

ACHIENG': Basi jibu umeshalitoa. Ukikata chini, mti unakimbilia juu na shina linakuwa kama nguzo, unene mmoja kutoka chini hadi juu. Mzee yuko sahihi kabisa, yeye anataka mbao. Wewe unataka nini?

BARASA: Nataka uonekane kama mkuyu mkongwe wa kando ya mto. Kitako kinene, juu jembamba.

ACHIENG': Huo unene unatoka kwenye majani. Majani yanatengeneza chakula, chakula kinateremka ndani ya tawi, kinaingia shinani na kuendelea kushuka hadi mizizini. Kwa hiyo tawi hunenepesha shina kuanzia pale lilipoota kwenda chini. Lile la juu linalilisha shina lote. Hili la chini kabisa linalisha kitako peke yake.

BARASA: Yaani haya niliyotaka kuyatupa ndiyo yanayonijengea kitako?

ACHIENG': Ndiyo. Mimi huyaita matawi ya kibarua. Hayatakuwepo kwenye mti uliokamilika, lakini yana kazi sasa. Unayaacha yarefuke hata kama mti unaonekana vibaya, wala huyakati ncha. Kosa la wengi ni kudhani kila tawi ni la kubaki au la kukatwa leo. Liko hili la tatu, na kwenye mti mchanga ndilo lenye thamani kuliko yote.

BARASA: Yote mawili niyaache?

ACHIENG': Hapo lazima tujue mbele ya mti ni wapi. Shika hiki kijiti, ufukue udongo kidogo pale chini. Polepole.

BARASA: Naona mzizi… mwingine huku. Na huu mnene unashika udongo vizuri.

ACHIENG': Zungusha chungu. Tunatafuta upande ambao mizizi inaonekana imetanuka na shina halikupi mgongo. Simama hapo! Hiyo ndiyo mbele. Sasa, kati ya yale mawili, lipi liko nyuma?

BARASA: Hili la kushoto limeelekea nyuma kabisa.

ACHIENG': Hilo ndilo kibarua wako. Siku ukiliondoa litaacha kovu, lakini kovu litakuwa nyuma. Fikasi hufunga kidonda upesi, ila usilisahau likanenepa mno. La mbele tutalitoa, maana kovu lake litatazamana na kila mgeni. Lakini twende juu kwanza. Unaona hapa, theluthi moja ya kimo?

BARASA: Matawi mawili yameota yakitazamana, moja kulia, moja kushoto.

ACHIENG': Kijapani huitwa kannuki, yaani komeo la lango. Limekata mti kama msalaba, jicho linagota hapo badala ya kupanda. Moja litoke. Angalia shina, limepinda upande gani?

BARASA: Limebenuka kulia.

ACHIENG': Basi la kulia libaki, kwa sababu linatokea mgongoni mwa pindo, upande wa nje. La kushoto limetoka tumboni. Hilo la kulia ndilo tawi lako la kwanza, na yote yaliyo juu yake yatalitii hilo.

BARASA: Na hapa juu zaidi? Matatu yametoka kwenye kifundo kimoja.

ACHIENG': Hapo usisite hata siku moja. Niliwahi kuyaacha manne namna hiyo kwa sababu nilipenda wingi wake wa majani. Shina likavimba pale kama goti, juu likawa nene kuliko chini. Nililia, kwa kweli. Mti wa miaka sita, na uvimbe haurudi. Acha moja.

BARASA: Nakata. Hili… Ona, maziwa yanatiririka.

ACHIENG': Utomvu huo uufute kwa kitambaa chenye maji, usiuache ukaukie kwenye gome. Na ukikata, kata karibu na shina, usiache kigingi.

BARASA: Nimepata. Kuna hili la kileleni pia, nene kuliko yote.

ACHIENG': Ncha ya juu inatuma homoni ya oksini chini, inayazuia macho ya chini, yaani machipukizi yaliyolala, yasiamke. Ukiikata, macho yanaamka. Ifupishe mpaka kwenye hiki kijitawi chembamba, kitashika nafasi ya kilele. Lakini kijitawi kibaki na majani. Fikasi hii ya majani madogo ukiliacha tawi bila jani hata moja, mara nyingi linakauka lote.

BARASA: Vitabu vya bonsai vinasema tungoje mwisho wa baridi.

ACHIENG': Baridi ipi, ndugu yangu? Tuko karibu kabisa na ikweta. Fikasi ya Kisumu hailali. Mimi hungoja mvua za masika zishike, kati ya Machi na Mei, mti uwe na nguvu za kuchipua. Huko Japani wanaandika kuhusu miti inayopitia theluji.

BARASA: Nimetoa moja la komeo, mawili ya kifundo, na kilele nimekifupisha. Sasa lile la chini, la mbele?

ACHIENG': Litoe. Halafu basi kwa leo.

BARASA: Basi? Yamebaki kumi, na haya mawili yanapishana.

ACHIENG': Yanapishana, nimeyaona. Lakini hujui bado lipi litachipua vizuri baada ya leo. Rudi baada ya miezi miwili, mti wenyewe utakuwa umekuonyesha. Kuna uzi hapo kwenye droo?

BARASA: Upo mwekundu.

ACHIENG': Mfungie kibarua wako, usikaze. Ili siku ukija na makasi na haraka zako, mkono ukumbuke.

BARASA: Hivi?

ACHIENG': Legeza kidogo. Bado linanenepa.